Kitufe cha Kunyamazisha Gitaa: Anza na Mkono, Waya Baadaye

Piga noti moja kwenye gitaa la umeme, iache ilie, kisha ikate sauti katikati na uirudishe kabla uzi haujatulia. Noti iliyorudi ina kimo kilekile na rangi ileile, lakini haina mwanzo. Ule mgoto wa piki, kile kibao kidogo cha kupigia nyuzi, kwenye uzi, ambao kwa kawaida ndio unaoliambia sikio kwamba hapa pana gitaa, haupo tena. Kinachosikika ni sauti iliyotokea ikiwa tayari imekomaa. Ikatwe na kurudishwa mara nane kwa sekunde, na msikilizaji asiyeona mikono yako atadhani anasikia kinanda cha elektroniki au santuri inayosuguliwa na DJ.

Kifaa kinachofanya kazi hiyo ni kitufe kimoja na waya mbili. Wapiga gitaa wanakiita kiliswichi. Nimesoma maelezo mengi ya namna ya kukifunga, na karibu yote yanamaliza nguvu kwenye kulehemu: waya huu hapa, ule pale, umemaliza. Kwangu kulehemu ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Swichi ya kuchagua pikapu, yaani vidaka sauti vilivyo chini ya nyuzi, unaigusa mara chache katika wimbo mzima. Kitufe hiki utakipiga kwa mdundo, kwa vidole viwili, huku mkono wa kushoto ukiendelea kubana freti, na kila mara utategemea kijibu papo hapo. Ni ala ya mapigo iliyopachikwa juu ya ala ya nyuzi, na kazi kubwa ni kukichagua na kukipatia mahali pake. Waya zinafuata.

Mbinu yenyewe ni ya zamani kuliko kitufe. Gitaa la Gibson Les Paul lilipotoka mwaka 1952 lilikuwa na pikapu mbili, kila moja na volyumu yake, pamoja na swichi ya njia tatu ya kuchagua. Mpangilio huo unakupa kiliswichi bila kugusa waya wowote: shusha volyumu ya pikapu ya shingoni hadi sifuri, ya darajani iache juu, kisha peleka swichi huku na huku. Pete Townshend wa bendi ya The Who alikuwa akichezesha swichi ya gitaa lake kwa namna hiyo tangu miaka ya 1960. Miaka ya 1990 Tom Morello, akiwa na bendi ya Rage Against the Machine, aliichukua mbinu hiyohiyo akaifanya lugha yake mwenyewe, akiiga DJ anayesugua santuri, na kuanzia hapo vijana wengi wakaanza kuitazama swichi kwa jicho jingine. Jonny Greenwood wa bendi ya Radiohead ana kitufe cha kubonyeza kwenye gitaa lake la Telecaster. Buckethead, yule mpiga gitaa wa Marekani anayepanda jukwaani amevaa barakoa nyeupe na ndoo kichwani, alikwenda mbali zaidi: kwenye Les Paul yake nyeupe ameweka kitufe chekundu cha mashine za michezo ya video, kile kikubwa kinachotengenezwa ili kipigwe kwa nguvu usiku kucha.

Nikiwasikiliza hao, tofauti kati ya swichi ya kupeleka huku na huku na kitufe cha kubonyeza ni dhahiri. Swichi inahitaji miondoko miwili kwa kila pigo: kwenda na kurudi, na yote miwili inafanywa na misuli yako. Kitufe kinakupa mmoja bure, kwa sababu kurudi ni kazi ya springi. Ndiyo maana Buckethead anaweza kumimina mapigo kwa vidole viwili vinavyopokezana, jambo ambalo swichi ya Les Paul haikubali kirahisi. Kwa upande mwingine, swichi ina sifa ambayo kitufe hakina: unaweza kuiacha upande wa kimya na kuondoa mkono. Anayetaka sauti za kusugua santuri, ambako kimya ni kirefu na sauti ni vipande vifupi, huenda akaridhika zaidi na swichi.

Sasa umeme, na hapa nataka kwenda polepole kwa sababu ndipo watu wengi wanapoingiwa na woga usio na sababu.

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo sana unazaliwa ndani ya waya huo, na kwa kawaida haufiki hata volti moja. Umeme huo unapita kwenye volyumu, kisha unafika kwenye jeki ya kutokea. Jeki ina sehemu mbili: ncha, inayobeba sauti, na mwili wake, ambao ni ethi, yaani upande wa sifuri wa umeme. Kutoka hapo kebo inaupeleka kwenye ampu, yaani kikuza sauti.

Kuna njia mbili za kunyamazisha mpangilio huo. Ya kwanza ni kukata waya wa sauti, kama unavyozima taa ukutani. Ya pili ni kuuacha waya wa sauti kama ulivyo na kuunganisha kitufe kati yake na ethi, ili ukikibonyeza, sauti ipate njia fupi ya kwenda ethi badala ya kwenda kwenye ampu. Ni kama maji ya mfereji uliobomolewa ukingo juu ya shamba: mfereji bado upo, ila maji yameshapata njia nyepesi na hayafiki.

Anayesikia kwamba anatakiwa kugusanisha waya wa sauti na ethi huogopa kwamba ataunguza pikapu. Haiungui. Umeme wenyewe ni mdogo mno, na tena gitaa lako linafanya jambo lilelile kila siku: volyumu ikishushwa hadi sifuri, kinachotokea ndani ni kwamba waya wa kutokea umeunganishwa moja kwa moja na ethi. Kitufe ni volyumu ya sifuri inayokuja kwa kasi ya kidole. Hilo pia ndilo linaloeleza tabia ya Les Paul inayowashangaza wengi, kwamba swichi ikiwa katikati na volyumu moja ikiwa sifuri, pikapu zote mbili zinanyamaza. Volyumu iliyoshushwa imeipeleka ethi njia ya kutokea ambayo zote mbili zinaitumia.

Kwa nini basi tusikate waya wa sauti tu? Kwa sababu ampu haina habari kwamba umekata. Mlango wake wa kuingilia una ukinzani mkubwa, mara nyingi omu milioni moja, na unapoachiwa waya unaoning'inia bila kuunganishwa na chochote, waya huo unageuka kuwa antena. Utasikia mvumo wa umeme wa nyumbani, ule wa hezi 50 au 60, na kwenye disto kali, ile sauti iliyokwaruzwa makusudi, mvumo huo unaweza kuzidi sauti uliyotaka kuinyamazisha. Ukiupeleka waya ethi, ampu inaona sifuri safi. Hakuna cha kudakwa.

Kuna sababu nyingine ambayo kwangu ina uzito kuliko hiyo, nayo ni jinsi kila njia inavyoharibika. Kila kitufe huchakaa. Kontakti zake hupata kutu na uchafu. Kitufe kilichokata waya wa sauti kikichakaa, gitaa lako litakwaruza na kupotea sauti muda wote, hata usipokigusa, kwa sababu kila noti inapita ndani yake. Kitufe kilichounganishwa na ethi kikichakaa, baya linaloweza kutokea ni kimya kisichokamilika pale unapokibonyeza. Usipokibonyeza, kinakaa pembeni kama hakipo. Na hata hicho kimya kisichokamilika kina nafuu: tuseme pikapu ina ukinzani wa omu 8,000 na kontakti iliyochakaa ina omu 8, bado sauti inashuka hadi karibu sehemu moja ya elfu.

Kwa hiyo kitufe unachokitafuta kina sifa mbili. Kiwe cha kurudi chenyewe, yaani kikiachiwa kinajirudisha, tofauti na vile vinavyobaki chini hadi ubonyeze tena. Na kiwe wazi wakati hakijaguswa, kikifunga njia pale tu unapobonyeza. Kwenye pakiti au kwenye karatasi ya maelezo sifa ya pili huandikwa kwa herufi NO. Kikiwa kinyume chake, gitaa litakuwa kimya muda wote na kulia tu unapobonyeza. Hiyo nayo ni ala ya aina yake na baadhi ya watu wanaipenda, lakini huwezi kuishi nayo kwenye gitaa lako la kila siku. Potensiometa (vidhibiti vya kuzungusha vya volyumu na toni) za kuvuta na kusukuma, ambazo wengi huzinunua ili wasitoboe chochote, hazifai hata kidogo kwa kazi hii. Zinafaa kunyamazisha gitaa wakati wa kutyuni. Mdundo hazijui.

Zaidi ya sifa hizo mbili, amini kidole. Nunua vitufe vya aina mbili tatu, vishike mkononi kabla ya kulehemu chochote, vigonge kwa kufuata metronomu. Kwenye tempo ya mapigo 120 kwa dakika, kugawa kila pigo mara nne ni mibonyezo minane kwa sekunde, yaani milisekunde 125 kwa kila mmoja, na ndani ya muda huo kitufe kinatakiwa kushuka, kufunga, kufungua na kupanda. Kitufe chenye safari ndefu au springi ngumu kitakuchosha kabla wimbo haujafika nusu. Kile chenye springi laini mno nacho kina kasoro, kwani kidole kikipumzika juu yake kinajibonyeza. Ninachokipenda mimi ni safari fupi, ukinzani wa wastani, na uso mpana wa kutosha vidole viwili kukaa ubavu kwa ubavu. Uso uliobonyea kidogo katikati unasaidia sana, maana kidole kinajua kimefika bila jicho kutazama.

Sikiliza pia mlio wa kitufe chenyewe. Vile vinavyotoa "tik" kali vinapendeza mkononi, lakini vikifungwa kwenye bamba la plastiki lililobeba pikapu, mtikisiko unapita kwenye bamba na kuingia kwenye pikapu, hasa zile ambazo koili zake hazikuzamishwa nta. Mlio wa kubonyeza huusikii kwa sababu gitaa liko kimya. Unachosikia ni "tik" ya kuachia, ambayo inatoka sambamba na noti inayorudi. Kwenye sauti safi haina shida. Kwenye disto nzito inajitokeza.

Halafu kuna jambo la kontakti ambalo wauzaji hawalisemi. Kitufe kikubwa kilichoandikwa kwamba kinahimili volti 250 na ampea 3 kimetengenezwa kwa umeme wenye nguvu, na umeme huo wenyewe husaidia kuunguza utando wa uchafu unaojijenga juu ya kontakti za fedha. Umeme wa gitaa hauna nguvu hiyo. Utando unabaki. Kwa kazi yetu kontakti zilizopakwa dhahabu ni bora, hata kama namba zilizoandikwa juu ya kitufe ni ndogo na hazimvutii mtu. Hapa namba ndogo ndiyo sifa njema.

Ukubwa nao. Vitufe vya mashine za michezo huja kwa kipenyo cha milimita 24 au 30, na vina mkia mrefu chini. Mwili wa gitaa la Stratocaster una unene wa takriban milimita 45, lakini uwazi uliochimbwa ndani hauufikii unene huo, na ndani yake tayari kuna potensiometa, waya na kapasita. Vitufe vya milimita 12 au 16 vinaingia karibu kila mahali. Pima kina cha uwazi kwa kijiti na rula, kisha linganisha na urefu wa kitufe pamoja na miguu yake, na uongeze nafasi ya waya kujipinda. Kwenye magitaa yaliyochimbwa kwa nyuma kama Les Paul kuna kipimo kingine: unene wa mbao iliyo juu ya uwazi. Ikiwa skurubu ya shingo ya kitufe ni fupi kuliko mbao hiyo, nati haitashika chochote.

Tumefika mahali pa kukiweka. Hapa ndipo ningependa msomaji atumie muda mwingi kuliko sehemu nyingine zote, kwa sababu tundu likishatobolewa halizibiki likapendeza.

Kata duara la karatasi ngumu lenye ukubwa wa kitufe chako, libandike kwenye gitaa kwa gundi isiyoacha alama, kisha piga gitaa lako kama kawaida kwa siku kadhaa. Piga nyimbo unazozijua. Piga ukiwa umekaa, halafu simama na mkanda begani, kwa sababu gitaa likining'inia pembe ya kiwiko hubadilika na mkono hutua mahali pengine kabisa. Utaona mambo ambayo kwa macho tu usingeyaona. Mahali palipoonekana pazuri, kati ya volyumu na daraja, patakuwa panagongwa na kiganja kila unapobana nyuzi za chini kuzizima. Pembeni ya pikapu ya shingoni, piki itakuwa inapita. Chini kabisa karibu na jeki, mkono utalazimika kuacha nyuzi na kusafiri, na ukisafiri umechelewa pigo moja.

Swali la kujiuliza ni hili: unataka kubonyeza kwa mkono uleule unaopiga nyuzi, ukiwa bado umeshika piki, au utaacha kupiga na kuuachia mkono wa kushoto kazi ya noti? Ni mitindo miwili tofauti na kila mmoja una mahali pake. Kwa mtindo wa kwanza kitufe kinatakiwa kuwa ndani ya mzunguko wa kidole kidogo au kidole cha pete wakati kiganja kimelala darajani, pale ambapo wengi tayari huwa tunazungushia volyumu ya Stratocaster. Kwa mtindo wa pili, ambao mkono wa kushoto unagonga freti na kuvuta nyuzi bila piki, kitufe kinaweza kukaa mbali zaidi, ilimradi mkono mzima upate pa kuegemea. Kidole kinachobonyeza bila kiganja kuegemea kitu hakina mdundo. Utakiona kinayumba, na mapigo yanayumba nacho. Mimi nimechagua upande wa chini wa nyuzi, nyuma kidogo ya volyumu, ambako kidole cha pete kinafika na ukingo wa kiganja bado umekaa darajani. Mkono wako si wangu, kwa hiyo usiuchukue ushauri huo kama kipimo. Chukua karatasi.

Kama huna moyo wa kutoboa, toa potensiometa moja ya toni na uweke kitufe kwenye tundu lake. Wapiga gitaa wengi hawagusi toni ya pili ya Stratocaster mwaka mzima. Tundu la potensiometa ni dogo, kati ya milimita 7 na 10 kutegemea aina, kwa hiyo litakubali kitufe chembamba au utalipanua kidogo. Siku ukitaka kuuza gitaa, potensiometa inarudi mahali pake na hakuna atakayejua.

Kutoboa bamba la plastiki ni rahisi: libandike utepe wa karatasi pande zote mbili, toboa tundu dogo la kuongozea, halafu lipanue hatua kwa hatua kwa kekee ya ngazi, bila kukandamiza. Mbao yenye vanishi inahitaji subira zaidi, kwani vanishi hupenda kubanduka vipande ukingoni mwa tundu. Utepe unasaidia, na kuizungusha drili kinyumenyume mwanzoni kunasaidia zaidi: kekee inasaga vanishi badala ya kuing'oa, na ukishaipita unaigeuza kwenda mbele.

Waya, kama nilivyosema, ni mbili. Mguu mmoja wa kitufe unaungwa kwenye ncha ya jeki, mwingine kwenye ethi ya jeki hiyohiyo au kwenye mgongo wa potensiometa ulio karibu. Miguu ya kitufe haina kulia wala kushoto, yoyote inakwenda popote. Tanguliza risasi kidogo kwenye mguu wa kitufe na kwenye ncha ya waya, kisha zigusanishe na uzipashe pamoja hadi risasi iyeyuke na kung'aa. Fanya haraka, maana mwili wa kitufe kidogo ni plastiki na joto likikaa mguuni unalegea. Ukiamua kulehemu kwenye mgongo wa potensiometa, ukwaruze kwanza kwa msasa na utumie chuma chenye ncha pana, kwa kuwa bati lile linameza joto na risasi isiyoyeyuka vizuri itabanduka baadaye. Waya ziwe fupi na uzisokote pamoja.

Ndani ya magitaa mengi uwazi umepakwa rangi ya kupitisha umeme au umebandikwa karatasi ya shaba ili kuzuia mvumo. Shaba hiyo ni ethi. Mguu wa kitufe unaobeba sauti ukiigusa, gitaa litakuwa kimya muda wote, na utakaa ukilaumu kazi ya kulehemu iliyo safi kabisa. Kinachokera ni kwamba tatizo hili linatokea pale tu unapokaza skurubu za bamba: wazi mezani gitaa linalia, likifungwa linanyamaza. Vika kila mguu mrija wa kusinyaa kwa joto, au bandika utepe wa umeme juu ya shaba mahali kitufe kinapokabiliana nayo.

Kabla ya kufunga, chomeka kebo kwenye jeki na upime kwa mita kati ya ncha na mwili wa plagi ya upande wa pili, volyumu ikiwa imefunguliwa hadi mwisho. Kwa pikapu ya koili moja utasoma takriban omu 6,000, kwa hambaka, yaani pikapu ya koili mbili, omu 8,000 hivi au zaidi. Bonyeza: namba idondoke hadi karibu sifuri. Achia: irudi palepale. Bonyeza mara nyingi kwa kasi na utazame. Ikichelewa kurudi au ikirudi namba tofauti kila mara, tatizo ni kitufe au kiungo cha risasi, na ni afadhali ulijue sasa.

Gitaa lenye pikapu za betri linahitaji tahadhari. Jeki yake kwa kawaida ina mguu wa tatu, unaowasha betri plagi inapoingia. Huo usiuguse kabisa. Soma pia maelekezo ya mtengenezaji kuhusu kupeleka njia ya kutokea ethi, kwa sababu huko nyuma ya jeki kuna saketi inayofanya kazi, ambayo pikapu za kawaida hazina.

Na ukisikia "pop" kila unapobonyeza, usikimbilie kubadilisha kitufe. Pikapu za kawaida hazina umeme wa moja kwa moja wa kusababisha mlio huo. Chomeka gitaa kwenye ampu bila pedali yoyote, kile kisanduku cha mguu cha kubadili sauti, katikati. "Pop" ikipotea, mkosaji ni pedali ya kwanza kwenye mnyororo, ambayo kapasita yake ya kuingilia inavujisha umeme kidogo kuja upande wa gitaa. Weka pedali nyingine kati yake na gitaa na mara nyingi yanakwisha. Mtikio mdogo mkavu unaobaki, hasa kwenye noti nene, ni wa halali. Umelikata wimbi likiwa katikati ya safari yake, na wimbi lililokatwa hivyo halikosi ukingo. Kwangu ukingo huo ndio utamu wenyewe.

Upigaji wake una kanuni moja: kitufe hakitengenezi sauti, kinagawa iliyopo. Noti inayokufa upesi haina cha kugawa. Ndiyo maana disto na kiliswichi ni marafiki wa karibu, kwa kuwa disto inaminya sauti kubwa na kuinua ndogo, na noti inakaa ikiwa na ujazo uleule kwa sekunde kadhaa. Kwenye sauti safi tumia kompresa, pedali ya kusawazisha ujazo wa sauti, au piga kodi nzima, yaani noti kadhaa kwa pamoja, na ugawe haraka kabla haijafifia. Anza na noti moja ndefu na mapigo sawa, halafu ruka moja kati ya matatu, kisha jaribu kubadilisha noti kwa mkono wa kushoto wakati kitufe kimebonyezwa, ili kila kimya kifunguke kwenye noti mpya. Hapo gitaa linaacha kabisa tabia ya nyuzi: noti zinabadilika na hakuna aliyesikia kidole kikihama.

Jaribu kinyume pia. Bonyeza kwanza, piga uzi gitaa likiwa kimya, kisha achia. Mgoto wa piki umebaki ndani, imetoka noti tupu. Ukiwa karibu na ampu na gitaa limeanza kuvuma lenyewe kwa mzunguko wa sauti kati ya spika na nyuzi, bonyeza: mzunguko unakatika mara moja, lakini uzi bado unatikisika, na ukiachia mapema mvumo unajijenga upya kutoka palepale. Ukichelewa uzi unatulia na unaanza upya kabisa. Kati ya mapema na kuchelewa kuna nafasi ndogo ambayo kila gitaa na kila ampu ina ya kwake, na kuitafuta ni raha.

Mwangwi na dilei, pedali inayorudia sauti baada ya muda, ziko mbele ya kitufe, yaani sauti inazifikia baada ya kukipita. Ukikata, mikia ya noti zilizokwisha kuingia inaendelea kulia. Weka dilei milisekunde 375 kwenye tempo ya 120, bonyeza mara mbili kwa kila pigo, na marudio yatatua ndani ya matundu ya kimya uliyoyafungua, mkono mmoja ukasikika kama magitaa mawili yanayopokezana. Anayetaka na mikia hiyo inyamaze atahitaji kitufe kingine, cha mguu, mwisho kabisa wa mnyororo wa pedali, kabla ya ampu.